Silinda za nta, na ile moja niliyoivunja

Babu yangu mzaa baba alikuwa na gramafoni ya kukaza kwa mkono, nyumbani Tanga, juu ya kabati la chumba cha mbele. Sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama, kuigusa hapana. Akitaka kusikiliza alitoa kijikopo cha sindano, akachomoa ya jana na kuitupa, akachomeka mpya, kisha akakaza hendeli taratibu huku midomo ikihesabu. Siku moja nikamwuliza kwa nini anatupa sindano ambayo bado nzima. Akanijibu, "Sahani inaliwa na sindano, mjukuu wangu. Ukifanya ubahili wa sindano, utakuwa umekula sauti ya mtu."

Miongoni mwa sahani zake zilikuwemo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, zenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Babu alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Gramafoni ilichukuliwa na ami yetu mmoja, sahani zikabaki uani ndani ya debe. Tulikwenda nazo ufukweni tukawa tunazirusha juu ya maji, tukishindana ya nani itafika mbali. Hakuna mkubwa aliyetukataza. Zilikwisha zote siku moja.

Naanza na sahani hizo kwa sababu kila nilichokikosea ukubwani kilikuwa ni hicho hicho: nilishika sauti ya mtu bila kujua nimeshika nini. Naandika kwa ajili ya yeyote anayesoma Kiswahili, aliye huku ughaibuni au nyumbani, atakayekutana na fonografu ya zamani, mashine inayopiga sauti iliyochorwa kwenye silinda ya nta, na moyo wake ukashikwa. Wangu ulishikwa. Umenigharimu fedha, nyuzi saba mkononi, na kitu kimoja ambacho siwezi kukirudisha.

Ninaishi New Jersey tangu 2012 na kazi yangu ni kuhamisha watu nyumba. Ni kazi inayokuingiza darini na kwenye vyumba vya chini ambavyo wenyewe hawajavifungua miaka mingi. Na jimbo hili ndiko fonografu ilikozaliwa. Thomas Edison aliitengeneza Menlo Park mwaka 1877, wakati huo ikirekodi juu ya karatasi ya bati, na miaka kumi baadaye akahamia maabara kubwa aliyoijenga West Orange, ambayo leo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Nilikwenda huko Jumamosi moja na wanangu, bila nia yoyote zaidi ya kuwatembeza. Mhudumu akavisha silinda nyeusi kwenye mashine, akaishusha sindano, akanyamaza. Hakuna waya, hakuna umeme, ni springi na nta peke yake, na mtu aliyekufa zamani akaimba kama yuko nyuma ya mlango. Mwanangu mdogo alizunguka nyuma ya meza kumtafuta. Mimi nilikuwa namwona babu akihesabu hendeli.

Wiki hiyo hiyo nikafanya kosa la kwanza. Kwenye gulio la vitu vikuukuu nilikuta gramafoni yenye pembe ya shaba inayong'aa na kibati cha yule mbwa ubavuni. Muuzaji alisema ni ya mwaka 1905. Nikatoa dola 240 bila hata kuigeuza. Baadaye nilimpelekea mzee mmoja fundi, anayezitengeneza mashine hizi tangu ujana wake. Aliigeuza juu chini, akanionyesha skrubu kwa ncha ya kidole. Zilikuwa na kichwa cha nyota. Akasema, "Skrubu za namna hii zimeanza kutumika miaka ya 1930. Za 1905 zina mfuo mmoja ulionyooka." Kisha akanionyesha mengine: mbao nyepesi iliyopakwa rangi ili ionekane kongwe, pembe nyembamba kama sufuria ya bei rahisi, mkono wa sauti unaolegalega. Ilikuwa imeungwaungwa kutokana na vipande vya mashine mbalimbali na vingine vipya kabisa. Za namna hiyo nimeziona hata kwenye maduka ya watalii Mji Mkongwe. Ukitaka pambo la sebuleni ni sawa, ila lipe bei ya pambo, na usiweke juu yake sahani unayoipenda, kwa sababu ule mkono mzito utaikwangua.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha tofauti ambayo sisi Waswahili hatukuwahi kuihitaji, kwa kuwa kwetu zote ni gramafoni au santuri. Fonografu ya Edison inapiga silinda, na mchirizi wake, ule mfereji mwembamba unaofuatwa na sindano, unapanda na kushuka kama njia ya milimani. Gramafoni, aliyoibuni Emile Berliner na kuiombea hataza mwaka 1887, inapiga sahani, na mchirizi wake unayumba kushoto na kulia. Sindano ya sahani ni ya chuma, unaibadilisha kila upande kama alivyofanya babu. Ya silinda ni kito cha yakuti kilichosuguliwa, kinakaa miaka mingi ilimradi hakijameguka. Hata yule mbwa ana historia ya pande mbili: Francis Barraud alimchora kwanza akisikiliza fonografu ya silinda, kisha mwaka 1899 akaifuta na kuchora gramafoni mahali pake, baada ya kampuni ya gramafoni kuitaka picha. Kwa hiyo mbwa wa sahani za babu yangu mwanzoni alikuwa akisikiliza nta.

Mashine yangu ya kweli niliipata kazini. Mteja alikuwa anauza vitu vya marehemu baba yake, na ndani ya chumba cha chini kulikuwa na Edison Standard, sanduku la mwaloni lenye kifuniko cha mviringo na jina limeandikwa kwa dhahabu iliyofifia. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1898 kwa dola 20. Mimi niliinunua kwa 175 na nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Haikuwa na pembe, na haikuwa na kichwa cha kusomea, kile kidude cha mviringo chenye kiwambo na yakuti ambacho ndicho koo la mashine. Kichwa peke yake kilinitoka dola 110, pembe 75, na miezi mitano ya kutafuta. Ningelipa 350 kwa mashine iliyotimia ningekuwa nimelala salama.

Kwa hiyo ukikutana na moja, anza na kichwa: kipo au hakipo, na ni cha aina gani. Fungua kifuniko utazame parafujo ndefu inayosukuma kichwa kutoka kushoto kwenda kulia; meno yake yawe hayajalika. Zungusha kwa kidole bomba linalovishwa silinda, uone kama linayumba. Kaza hendeli mizunguko michache usikilize. Mlio wa kunguruma hauogopeshi, ni grisi iliyokauka. Mlio wa kupasuka, acha hapo hapo.

Mimi sikuacha. Nilisikia mlio huo, nikaamua kufungua mwenyewe kopo la springi kwa sababu nilikuwa nimetazama video tatu. Springi ya fonografu ni utepe mrefu wa chuma cha pua, umeviringwa na kubanwa ndani ya kopo dogo, na hata mashine ikisimama kabisa bado una nguvu umeihifadhi. Niliondoa kifuniko bila glavu. Utepe ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, ukapita kati ya kidole gumba na cha shahada. Mama watoto alinipeleka hospitali taulo likiwa limelowa. Nyuzi saba, na dola 640 baada ya bima kulipa sehemu yake. Sikufanya kazi wiki mbili, na kazi yangu ukikosa siku hulipwi. Alinyamaza njia nzima. Tulipofika nyumbani akaniuliza jambo moja tu: kama kweli nimeanza kitu hiki kwa ajili ya babu, babu angefungua lile kopo? Nilijua jibu. Babu alikuwa na fundi wake, mtaa wa pili, na alikuwa akimpelekea mashine mwenyewe, imefungwa kwa kanga.

Springi mpelekee fundi. Mengine unaweza: kusafisha na kutia tone la mafuta mepesi kwenye kila ekseli, kubadilisha mkanda wa ngozi, kulainisha kijipande cha ngozi kinachogusa kidhibiti mwendo. Kidhibiti chenyewe ni kitamu kukitazama. Vimipira vitatu vya chuma vinazunguka juu ya springi nyembamba, mwendo ukizidi vinatanuka, vinavuta kisahani kikagusa ile ngozi, mashine inapunguza kasi. Kuseti mwendo hakuhitaji chombo chochote. Bandika kipande cha karatasi kwenye bomba, washa saa, hesabu karatasi inapita mara ngapi kwa nusu dakika. Silinda nyeusi za kiwandani zinataka mizunguko 160 kwa dakika, kwa hiyo hesabu 80. Za rangi ya kahawia ni za kale zaidi na nyingi zilirekodiwa taratibu zaidi. Ukizipiga kwa 160 mwanamume anaimba kama mtoto.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye kosa la tatu, na hili lilimla mwimbaji. Nilidhani silinda ni silinda. Kumbe zile za awali zina michirizi 100 kwa kila inchi na zinaimba dakika mbili. Mwaka 1908 Edison akatoa aina aliyoiita Amberol, nta pia, yenye michirizi 200 kwa inchi, dakika nne. Mwaka 1912 zikafuata Blue Amberol, za seluloidi ya buluu juu ya kiini cha plasta, ngumu, zikaendelea mpaka kampuni yake ilipoacha biashara ya rekodi mwaka 1929. Standard yangu ilikuwa ya kabla ya 1908. Parafujo yake ilikwenda kwa hatua ya dakika mbili, na yakuti yake ni nene kwa michirizi miembamba. Nikaiwekea Amberol ya nta niliyoinunua dola 12. Kichwa kilikimbia mara mbili ya mwendo unaotakiwa, kikivuka michirizi badala ya kuifuata, na mbele ya macho yangu unga mweusi ukaanza kujikusanya kwenye ncha ya yakuti kama masizi kwenye utambi. Ule unga ulikuwa ndio wimbo. Nilipoinua kichwa, mkwaruzo wa kijivu ulikuwa umezunguka silinda yote.

Nunua kioo cha kukuzia kabla hujanunua silinda hata moja. Ishike chini ya taa, ilinganishe na nyingine unayoijua, tofauti ya michirizi inaonekana. Kichwa chenye almasi, kilichotengenezwa kwa ajili ya zile za buluu, kamwe kisiguse nta. Ni kizito, kitaichimba. Za buluu nazo zisiingizwe majini. Plasta inakunywa maji inavimba, na seluloidi inapasuka. Nilipoteza mbili hivyo. Mwenye sahani za santuri huko nyumbani naye nampa hili moja: usizifute kwa spiriti, zile za zamani zinayeyuka. Zisimamishe wima, mbali na jua na ukuta wenye unyevu.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Januari 2019 tulimhamisha bibi wa miaka 84 kutoka nyumba aliyozaliwa. Ndani ya kabati chini ya ngazi kulikuwa na sanduku la mbao lenye silinda 19. Nilisita kidogo nikiwa nimelishika, naye akaona. Nikamweleza kwamba nina mashine ya kupigia silinda hizo. Akaketi kwenye kiti cha mwisho kilichokuwa hakijapakiwa, akaniambia nitafute yenye kikaratasi. Ilikuwa ya kahawia, na ndani ya boksi lake kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: Mama, Krismasi 1904. Wakati huo mashine za majumbani ziliweza kurekodi pia, ukiwa na kichwa cha kurekodia na silinda tupu, familia zinakusanyika mbele ya pembe na kusema lolote. Silinda ya namna hiyo haina nakala. Baba yake, aliyekuwa mtoto mdogo mwaka huo, alikuwa akisema mama yake anaongea humo ndani. Mashine iliuzwa zamani, silinda zikabaki. Bibi yule hakumwona bibi yake, na alikuwa ameishi na sauti yake chini ya ngazi miaka 84 bila kuisikia.

Nikamwambia, "Nitakusikilizisha." Nililitamka neno hilo kwa fahari.

Sanduku lililala kwenye lori usiku ule. Asubuhi nje kulikuwa na nyuzi tisa chini ya sifuri. Nililibeba mpaka chumba changu cha chini, karibu na kipasha joto, mkono mmoja nimeshika kikombe cha chai, nikaitoa ile silinda na kuikumbatia kwa kiganja kizima. Nikasikia "tik", sauti ndogo kama ukucha unaokatwa. Niliangalia kikombe kwanza, nikidhani ni kikombe. Silinda ilikuwa imekuwa vipande vitatu, kimoja kimelala kwenye mstari wa maisha wa kiganja changu.

Sababu nimeijua sasa. Nta baridi ikiguswa na joto la mkono inatanuka nje kabla ya ndani, nayo haina mnyumbuko, inapasuka. Kama nta imetoka kwenye baridi, iache ndani ya boksi lake, chumba kile kile utakachoipigia, siku nzima. Ukiishika, ingiza kidole cha shahada na cha kati ndani ya tundu, vitanue taratibu mpaka ikakaa, wala usiguse uso wake. Kwenye bomba isukume mpaka ikae tu, usiikaze. Ikivunjika usiigundishe, wala usitupe kipande hata kidogo. Funga kila kimoja peke yake kwa karatasi laini isiyo na asidi. Wanasayansi wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walibuni njia ya kupiga picha michirizi kwa mwanga na kuigeuza kuwa sauti bila kugusa, na kipo kituo cha uhifadhi Andover, Massachusetts, kinachofanya kazi hiyo. Vilivyovunjika navyo vimewahi kusomwa. Gharama yake kwa sisi wa mshahara wa kutwa ni mlima, lakini vipande vikiwepo mlango haujafungwa.

Sikumpigia simu. Nilikwenda. Nikaweka mbele yake kisanduku chenye vile vipande na kumweleza yote, hata chai. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akauliza, "Kabla haijavunjika, ulisikia chochote?"

Nikasema hapana.

Akaomba vipande vibaki kwake. Zile nyingine 18 akanirudishia, akasema nikae nazo ila nisiziguse mpaka nijue ninachokifanya. Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ningetukanwa.

Mwaka ule sikupiga silinda hata moja. Nilisoma. Niligundua kwamba silinda nyingi za kiwandani tayari zimenakiliwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, zaidi ya 10,000, na unasikiliza bure. Kwa hiyo ukipata moja tafuta kwanza jina na namba yake huko, huna haja ya kuikwangua ya kwako. Kisheria pia, Marekani, rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa huru tarehe 1 Januari 2022, unaweza kuzisambaza bila hofu.

Katika kusoma huko nikakutana na kusini yetu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala, moshi wa Maji Maji haujatulia, akiwa na fonografu na silinda za nta, akirekodi nyimbo za watu. Berlin kulikuwa na hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, ikikusanya silinda kutoka kila pembe ya dunia. Kupata nakala walikuwa wanafunika nta kwa shaba kwa njia ya umeme, na nta yenyewe ikiharibika katika kutengeneza kalibu. Baada ya Vita vya Pili sehemu kubwa ya mkusanyiko ikapelekwa Leningrad, ikarudishwa Berlin Mashariki, na mwaka 1991 ikafika tena kwenye jumba lake la Dahlem. Nilipolisoma jina la Newala nilisimama nikaenda kunywa maji. Watu wa 1906 walioimba mbele ya pembe ya mgeni, wajukuu wao wako hai, na wengi hawajui kwamba sauti ya wazee wao iliwahi kushikwa. Nikafikiria debe la babu. Za Siti zilipigwa nakala nyingi, huenda nilizozirusha majini zimesalia kwa watu wengine. Ya mama wa Krismasi 1904 ilikuwa moja.

Nimejumlisha nilichotumia, kwa sababu watu huniuliza. Gramafoni ya uongo 240, Standard 175, kichwa 110, pembe 75, mkanda na mafuta 60, hospitali 640, fundi aliyemaliza kazi niliyoiharibu 150, silinda nilizonunua kidogo kidogo kama 300, na kunakili silinda moja, ambayo nitaieleza sasa, 85. Jumla dola 1,835, na karibu nusu yake ni gramafoni ya uongo na hospitali peke yake. Silinda zenyewe siyo ghali. Nyeusi za kawaida nimezipata kwa dola tano mpaka kumi. Kuhifadhi nako ni rahisi ukianza mapema. Zisimame wima, chumba kikavu kisichobadilika joto, siyo dari wala chumba cha chini. Maboksi ya asili ni mazuri kutazama, yana picha ya Edison na pamba laini ndani, lakini ile pamba inashika unyevu na unyevu unaleta koga. Nimeyaweka pembeni, silinda nimezitia kwenye maboksi ya karatasi isiyo na asidi. Koga ikishaila nta haiponyeki. Hata ukiifuta, shimo limebaki, na kila shimo ni mkwaruzo kwenye sauti.

Ndani ya zile 18 kulikuwa na nyingine ya kahawia, haina kikaratasi, imejaa madoadoa meupe kama imenyunyiziwa unga. Niliiacha miezi kumi na saba. Nilipata mtu mwenye mashine ya umeme ya kunakilia, yenye sindano nyepesi kiasi kwamba silinda inaguswa mara moja tu katika maisha yake mapya. Nilisubiri siku isiyo na joto wala baridi. Nikaiweka ndani ya kisanduku cha kubebea barafu, bila barafu, nikaendesha saa mbili kiyoyozi kikiwa kwenye kiwango kile kile cha chumba changu. Tulipofika tukaiacha mpaka kesho yake. Nililala kwenye gari.

Kilichosalia ni sekunde hamsini. Mwanzoni ni koga tupu, kama mvua juu ya bati. Kisha mwanamume anakohoa. Mtu anapiga mluzi, anaacha. Halafu mwanamke, karibu kabisa na pembe, anauliza, "Inazunguka?" Mtoto anacheka. Mvua inarudi mpaka mwisho.

Siwezi kusema ni nani. Nilimwambia bibi hivyo hivyo kabla ya kumbonyezea simu, nikamshikisha sikioni kwa mikono yake miwili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Akaniomba nirudishe pale mwanamke anapouliza. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya tano, mwanamke alipouliza, bibi akaisogeza simu mdomoni, akamjibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo, inazunguka."